Fundi wa Mavazi ya Angani

Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, nakaa kwa binti yangu, muuguzi wa zamu za jioni. Kwa hiyo jioni nyingi hubaki mimi na mkwe wangu, fundi wa friji, mtu mwema ila maneno yake ni ya kupimiwa. Nikimaliza kula nilikuwa naingia chumbani na kufunga mlango, nisije nikaonekana mgeni asiyejua kuondoka.

Jumamosi moja, saa kumi na moja, nilipita sebuleni na kapu la nguo za kupiga pasi. Kwenye televisheni mwanamke wa makamo alikuwa anashona vazi la angani. Mimi nimeshonea watu nguo miaka thelathini. Nikasimama.

"Tamthilia hii hutaielewa, mama," mkwe akasema. "Imezaliwa na filamu saba. Bila hizo, ni kama kuingia msibani hujui nani kafa."

Akajing'ata ulimi. Nikacheka mimi kwanza.

"Huyo anayeshona ni nani?"

"Wala si mtu muhimu. Kwenye filamu hayumo."

"Basi tuko sawa. Na mimi simo."

Nikakaa. Kila Jumamosi nikawa nakaa. Vyombo vya angani vilirushiana moto, mimi macho kwenye karakana ya yule fundi. Asubuhi moja nikamtaja katika sala, kisha nikakumbuka ni mtu wa kuigizwa. Mungu anajua alilipeleka wapi ombi lile.

Wiki ya nne vazi likafunguka mgongoni angani, kijana aliyelivaa akanusurika. Nahodha akasema mshono ni mbovu, fundi ahukumiwe, ashushwe chomboni. Mwanamke wa umri ule ashushwe, aende wapi?

"Mshono haukuachia," nikasema. "Ungevutwa, matundu ya sindano yangepanuka. Yale mazima. Mtu kapitisha wembe."

"Mama jamani! Nani huyo?"

"Msaidizi wa nahodha. Ndiye aliyelichukua karakanani."

"Yule ni shujaa! Filamu ya tano aliokoa sayari nzima!"

"Ya tano sijaiona. Matundu nimeyaona."

Jumamosi iliyofuata, hukumu ilipoanza tu, saa yangu ya sala ikafika. Nikainuka.

"Unakwenda wapi? Ndiyo kwanza wanamleta!"

"Kusali. Endelea, baba, utanisimulia."

Sijawahi kuomba nisubiriwe. Nyumba si yangu. Niliisali sala ile polepole kwa makusudi, maana moyo ulitaka kukimbia.

Niliporudi, yule fundi alikuwa amesimama kwenye kioo cha televisheni mdomo wazi, hatikisiki. Mkwe amekaa, rimoti mkononi.

"Nimeisimamisha," akasema bila kunitazama. "Peke yangu hainogi."

Akaiachia. Wakaleta vazi mezani, wakakagua mshono, na wembe ukatoka mfukoni mwa msaidizi. Mkwe akashika kichwa.

"Filamu saba, mama! Saba, na sikumwona!" Kisha akauliza, "Nikuwekee tuanze ya kwanza?"

"Hapana, baba. Hao wakubwa baki nao. Mimi karakana inanitosha."

Binti yangu aliporudi kutoka kazini alikuta kapu langu la nguo sebuleni, kando ya kiti kilichosogezwa mbele ya televisheni. Akataka kukirudisha ukutani.

"Kiache," mumewe akamwambia. "Hicho ni cha mama."