Siku Mlima Ulipoitwa Zahanati

Jana usiku niliota niko kazini, jambo lililoniudhi, maana ndiko nilikotoka kabla ya kulala. Mimi ni daktari wa zahanati ya kambi ya jeshi. Madaktari wa uraiani hudanganywa na watu wanaojifanya wagonjwa. Mimi hudanganywa na wagonjwa wanaojifanya wazima.

Mbele yangu amesimama Koplo Mbwilo. Kikosi chake kinakwenda kulinda mpaka wa nchi huko milimani, naye ameililia safari hiyo mwaka mzima. Nikimkubalia ovyo, ataumia huko. Nikimkatalia ovyo, nitamvunja moyo hapa hapa.

"Unaumwa wapi?"

"Niko fiti, afande."

"Na goti la kushoto?"

"Fiti, afande," likajibu goti lenyewe, limebana pumzi.

Sikushangaa. Kanuni yetu ya ndotoni inasema askari apimwe mbele ya kazi yake. Nikabonyeza kengele, nikaita, "Kazi ya Koplo Mbwilo, ingia."

Mlango ukafunguka, mlima ukaingia. Uliinama kidogo usigonge fremu. Ulikuja na ukungu wake, mawe yake, na mbuzi wawili ambao mara moja walianza kutafuna pazia langu.

"Karibu kiti," nikauambia.

"Ahsante, daktari, nitasimama. Nikishakaa, kuniinua ni shughuli."

Nikauuliza kama unamfahamu koplo.

"Namfahamu vizuri. Kwa kupanda hana mpinzani, hunipanda huku anaimba. Shida ni kushuka. Hapo goti lake hulia, nami nasikia, maana tunakuwa karibu."

Goti likatazama dari. Koplo akalikodolea macho. "Tulikubaliana nini sisi?"

"Uliniambia nikaze," goti likasema. "Nimekaza, kaka. Sasa nimechoka."

Nikajitetea kwamba kila mara nilimpima kwa kumpandisha ngazi za zahanati. Ngazi zikakohoa pale nje. "Habari za kushuka hukuwahi kutuuliza," zikasema.

Kufumba na kufumbua, zahanati ni bonde. Meza yangu iko nyasini, jua zuri, na machozi yanamlenga koplo.

"Afande, wenzangu watakwenda bila mimi?"

Nilimhurumia mno. Ulimi ulikuwa tayari kumwambia uongo, mlima ukaniwahi. "Watu wote hutazama kileleni kwangu tu. Huku chini anatakiwa mtu wa redio. Asipokuwepo, walioko juu watazungumza na mbuzi."

"Na sisi hatusikilizi," mbuzi mmoja akakiri.

Nikatoa uamuzi: aende, asipande. Goti likapiga saluti, kisha likalegea kwa mara ya kwanza tangu liingie. Koplo akaanza kucheka, nami nikacheka naye hadi mbavu zikaniuma. Sikumbuki lini kazi ilinipa raha kama ile.

Nikaamka kumekucha. Dirisha langu linatazamana na kilima kilicho nyuma ya kambi, na askari walikuwa wanarudi kutoka mazoezi ya asubuhi. Waliteremka mbio, wakapotea mabwenini. Nyuma yao kabisa, akidhani hakuna anayemwona, Koplo Mbwilo alikuwa anateremka kinyumenyume.

Nikafungua dirisha. "Koplo, habari za goti?"

Akageuka haraka, akakaza mguu. "Niko fiti, afande."

"Najua," nikamwambia. "Njoo tunywe chai, nikwambie uko fiti kwa kazi gani."