Mkanda Uliopakwa Siagi

Nayaandika haya kwa wenye watoto mafundi, hasa kina mama, maana sisi ndio tunaopenda kusaidia.

Mwaka 1911 mwanangu Abdulatifu alikuwa mpasua mbao hapa Nyakahanga. Baba yake alifariki njiani tukitoka Tabora, tukabaki wawili. Mkono wake wa kulia ndio uliotulisha. Nilikuwa nauogopea mkono ule kuliko macho yangu mwenyewe, na hilo nalisema mapema ili usinione mama mzembe.

Msumeno wake ulikuwa mzee. Mdachi mmoja wa Bukoba aliuchoka, wapagazi wakauleta vipande vipande: meza ya chuma, sahani yenye meno inayochungulia katikati ya meza, na gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mikono. Mkanda wa kuunganisha gurudumu na sahani ulikuwa umeoza, Katunzi akakata mwingine katika ngozi ya ng'ombe. Huyu Katunzi ni Mnyambo, mwenyeji wa huku, kwao Kaisho, mtu mzima mwenye wake wawili, na kazi yake ilikuwa kuzungusha.

Kwenye mti laini msumeno ulijikongoja. Kwenye mvule ulisimama kabisa. Na mvule ndio alioutaka Ramadhani, mfanyabiashara, kwa ajili ya duka lake jipya, kabla ya masika. Kila siku anapita.

"Fundi, hicho kitu kinakata au kinalamba?"

"Kinakata, mzee wangu. Polepole."

"Polepole! Mchwa watanimalizia kazi kabla yako."

"Waite, bwana," Katunzi akadakia huku anahema. "Mchwa hawahitaji mtu wa kuwazungusha."

Abdulatifu akanoa. Kila asubuhi tupa mkononi, jino baada ya jino, anayapinda moja kulia moja kushoto ili sahani ipate nafasi ndani ya ubao. Meno yakawa mafupi, mvule ukabaki palepale. Kibanzi kikikwama, sahani inasimama yenyewe. Basi yeye anaingiza vidole, anakichomoa, anausukuma ubao tena, na Katunzi huku nyuma wala haachi kuzungusha.

"Toa mkono!" nilikuwa nasema kila mara.

"Imelala, mama. Haiumi."

Mwaka mzima hivyo. Siku moja nilikuwa nachambua maharage karibu yao, ndipo nikaona nilichokuwa nakiona siku zote.

"Katunzi, hapo unazungusha?"

"Nazungusha, mama. Jasho hili unadhani la nini?"

"Na mbona sahani imesimama?"

"Muulize mwanao. Sahani ni yake, gurudumu ni langu."

Nikaenda kuushika mkanda. Vidole vyangu vikarudi vinang'aa.

"Umepaka nini hapa?"

"Siagi," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Kila asubuhi. Ngozi bila siagi si inapasuka? Hata wake zangu ngozi zao za kuvaa wanazipaka hivyo hivyo."

Hakuna aliyemwambia asipake. Sisi watu wa nguo hatukujua habari za ngozi, na yeye hakujua kuwa ngozi hii kazi yake ni kung'ang'ania, si kulainika. Gurudumu lilikuwa likizunguka, mkanda unateleza, na sisi tunayalaumu meno. Abdulatifu alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyeufuta ni mimi. Nilileta majivu ya jikoni nikausugua ule mkanda pande zote mbili, nikafuta, nikasugua tena mpaka ukawa mkavu wa kukwaruza. Abdulatifu akaukaza. Gogo la kwanza la mvule lilipasuka kama ndizi mbivu. Ramadhani akaitwa aje aone.

"Mashallah, Mama Abdulatifu, kumbe fundi ni wewe!"

Nilifurahi. Nikiandika ukweli, nilifurahi sana.

Kesho yake, saa nne asubuhi, kibanzi kikabana kati ya ubao na sahani. Sahani ikasimama. Katunzi akaona gurudumu limekuwa zito, akalisukuma kwa bega. Zamani kusukuma kule hakukuleta kitu, mkanda uliteleza tu. Abdulatifu akaingiza vidole, kama alivyozoea. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sikusema toa mkono. Siku hiyo tu sikusema, maana nilikuwa nautazama ubao ulivyotoka mzuri.

Kibanzi kikachomoka, sahani ikaruka. Vidole vinne. Kidole gumba kilibaki.

Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, kisha akatazama mezani. Aliyepiga kelele ni Katunzi. Nilimfunga mwanangu kwa kanga yangu, nikafunga vizuri, ncha nikazichomeka. Sikulia. Niliona kuku anaparua unga wa mbao, nikamfukuza. Mpaka leo sijalia, na sijui ni kwa nini.

Basi sikiliza. Aliyefanya kazi na msumeno mchovu mikono yake imeshazoea uchovu ule. Ukiuongezea nguvu, iwe kwa majivu, kwa mkanda mpya au kwa meno mapya, simamisha kazi kwanza. Mwite anayezungusha, mwite anayesukuma ubao, waambie wote wawili kwamba mambo yamebadilika. Kibanzi kikikwama, gurudumu liachwe, mkanda uvuliwe, ndipo kichomolewe, tena kwa kijiti. Mimi nilileta majivu, maneno sikuleta.

Mbao zilimalizwa na mtu mwingine. Siku ya kufungua duka Ramadhani alitualika, wali sinia moja watu watano. Abdulatifu akakaa na wanaume wenzake, mkono wa kulia kauficha ndani ya kanzu. Kula kwa kushoto mbele za watu hakutaka.

"Kula, fundi," wakamwambia. "Mungu anaujua udhuru wako."

Akasema amekula nyumbani. Hakuwa amekula; chakula cha nyumbani napika mimi.

Nilikuwa upande wa wanawake. Nikainuka, nikapita mbele ya wanaume wote, nikakaa karibu naye, nikafinya tonge. Ana miaka ishirini na minne. Akafungua mdomo.