Hitima ya Mama Musfiri

Ukungu wa Mgwashi, kwetu milimani, haubishi hodi. Asubuhi unapanda kutoka bondeni, unameza migomba, kisha unaingia ndani kama mwenye nyumba. Hidaya alizaliwa nao, hakuwahi kuuogopa. Ila tangu arudi kutoka Uarabuni, kila ukitanda alisikia fimbo ikigonga ukuta na sauti ya bibi kizee ikimwita. Akiisikia tu, anaacha sufuria motoni na kutoka. Juzi mumewe, Faraji, alimkuta peku kwenye tuta la mwisho, mbele yake genge tupu. Angechelewa kidogo, angeokota maiti.

Sauti ile ilikuwa ya Mama Musfiri, kikongwe ambaye Hidaya aliajiriwa kumtunza katika mkoa wa Asiri. Watu wetu ukiwatajia Uarabuni wanawaza mchanga na ngamia, basi, na Hidaya naye alisafiri na ujinga huohuo. Gari likampandisha mpaka kwenye milima yenye matuta ya shayiri, miti ya mitarakwa ileile inayoota huku kwetu Shume, na baridi ya kuvalia sweta. Ndani ya nyumba ya mawe, kuta zilijaa pembetatu nyekundu na kijani alizochora bibi kwa mkono wake.

"Sisi si watu wa mchanga," bibi alikuwa akimwambia, huku akinyoosha fimbo kuelekea Tihama, tambarare ya joto huko chini kando ya bahari. "Sisi ni watu wa juu."

Hidaya alicheka sana. Kwao pia mtu wa nyikani, kule chini, hata awe na gari, anaonewa huruma. Kuanzia siku hiyo akampenda.

Kisha Musfiri akamshusha mama yake Tihama, awe karibu na hospitali. Huko bibi akawa anagonga ukuta kila asubuhi: nipandishe nyumbani. Hidaya, ili bibi anyamaze, akamwambia, "Kesho, mama. Tutapanda wote." Kesho yake mkataba ulikuwa umekwisha, naye akapanda ndege bila kuaga. Alijua anachofanya, na aibu ya jambo hilo ikaja naye mpaka Mgwashi.

"Aliye hai haiti kwenye ukungu," mama mkwe wake, Bi Mwanamisi, alikata shauri. "Huyo amekufa, mwanangu, na hajasomewa. Asiposomewa atakuchukua."

Hakuna aliyeuliza zaidi, maana Bi Mwanamisi akishasema habari za wafu, nani ambishie? Sheikh Hashimu akaitwa, mbuzi akachinjwa. Majirani wakasoma hitima na kula pilau ya mtu ambaye hata sura yake hawakuijua, na wengine wakaongeza sahani. Hidaya akalia mpaka akaridhika. Mwili ukawa mwepesi, akaamini amepona.

Watu wakiwa bado wananawa mikono, Faraji akasema ni adabu kumpa pole mtoto wa marehemu. Akapiga, akampa mkewe simu. Hidaya akatoa pole kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Pole ya nini?" Musfiri akauliza. "Mama huyu hapa, anakunywa kahawa."

Wamemsomea mtu aliye hai! Tena hofu kubwa haikuwa hiyo. Mfu unamsomea akatulia. Huyu anayekuita na pumzi anazo, utamsomea nini?

"Hidaya?" Bibi alikuwa ameshanyang'anya simu. "Uko wapi? Nagonga, huji."

Angeweza kumdanganya tena, na angeaminiwa tena. Hilo ndilo lililomuuma.

"Nilikudanganya, mama. Nimerudi kwetu."

Bibi akauliza, "Kwenu ni juu au chini?"

"Juu, mama. Mlimani."

"Basi usishuke, binti yangu. Hata wakikwambia ni kwa ajili ya dawa, usishuke. Mimi niliwaamini."

Simu ikakatika. Hidaya akakaa chini palepale uani, akaangua kilio kizito kuliko kile cha hitima. Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria wakamkimbilia, wakamshika mabega na kumpa pole, wakidhani msiba ndio kwanza umefika. Hakuwakatalia.