Kila Mtu na Gari la Mwenzake

Abu Mishal, mwenye gereji huko Abu Hamour, aliamua kwamba ubishi uliokuwa umemchosha ungemalizwa barabarani. Fundi wake wa injini, Eugene, alikuwa ameisuka upya V8 ya gari la Kimarekani, lile la boneti ndefu ambalo watu wa Doha hulisikia kabla ya kuliona, na sasa alitaka gereji inunue mtambo wa kupimia nguvu za injini. Brandon, fundi wa umeme, alitaka nafasi hiyo hiyo iwekwe vifaa vya magari ya betri. Nafasi ilikuwa moja. V8 ikishinda, alisema Abu Mishal, mtambo utanunuliwa. Likishinda gari lake jipya la umeme, upande wa injini utafungwa, na mkataba wa Eugene ukiisha mwezi wa nne hautaongezwa.

Eugene aliniomba nihudhurie na vipimo vyangu, kwa kuwa chuoni mimi huchunguza jinsi joto la Ghuba linavyoathiri betri.

"Si kwamba simwamini Brandon, dada Jebet," aliniambia kwenye simu. "Simwamini tu akiwa ameshika saa."

Tulikutana Ijumaa katika shamba la Abu Mishal, Umm Salal, ambako barabara yake binafsi inanyooka kati ya mitende hadi ukuta wa mwisho. Baada ya chakula cha mchana mwenyeji wetu alitoa sharti lake: kila fundi ataendesha gari la mpinzani wake, ili anayeshindwa asije akamlaumu dereva.

Nilimweleza kwa heshima kwamba kwa mpango huo kila mmoja angekuwa na sababu ya kwenda polepole.

Alicheka. "Doktora, wewe unazijua betri. Mimi nawajua hawa. Hakuna hata mmoja atakayekubali kuonekana mzembe mbele ya mwenzake."

Brandon alijipenyeza kwenye V8. "Fundi, ukiona taa zangu za nyuma zikikaribia, ujue nimekuonea huruma."

"Kanyaga klachi kwanza," Eugene akamjibu. "Hiyo si simu."

"Na wewe kanyaga mafuta!"

"Mafuta gani?"

Walicheka wote wawili, na Abu Mishal akashusha mkono.

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya mwondoko wa magari ya namna ile, lakini kusoma hakukuwa kumeniandaa. Gari la umeme liliondoka bila mngurumo wowote. Nilisikia matairi yakisaga mchanga tu, na lilikuwa tayari mbali. V8 ilinguruma nyuma yake hadi kifua changu kikatetemeka. Kisha, katikati ya barabara, la umeme likalegea kana kwamba limeshikwa kwa nyuma. V8 ikalipita, ikafika ukutani ya kwanza.

Brandon alishuka bila furaha ya mshindi. "Umeuza mechi, Eugene."

"Nilikanyaga mpaka mwisho."

"Uliachia! Nilikuona kwenye kioo ukirudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Abu Mishal hakugomba. Alisema tu kwamba neno lake ni neno lake, mtambo utanunuliwa, kisha akaelekea kwenye majlisi yake, sebule ya wageni, bila kumtazama Eugene usoni.

Eugene alikuwa amepata alichokitaka, naye alibaki ameegemea mlango wa gari kama aliyefiwa.

"Mzee hajaniita mwongo," alisema. "Angeniita, ningemjibu. Dada, vipimo vyako havioni mguu wangu ulikuwa wapi?"

Havikuona. Vilisoma mwendo na betri tu. Nilifungua kompyuta yangu juu ya boneti, nikawaonyesha mstari wa joto, na hapo ndipo nami niliposhangaa. Betri ilikuwa imechemka hata kabla ya mashindano kuanza.

"Hili sielewi," nikasema. "Gari limeshinda kivulini tangu asubuhi. Joto hili limetoka wapi?"

Eugene aliufuata ule mstari kwa kidole hadi mwanzo wake.

"Halikushinda kivulini," alisema. "Mlipokuwa mkila nililipeleka nyuma ya mitende. Nikalipasha moto. Nikalikimbiza, nikalirudisha, nikalikimbiza tena. Huwezi kuidai injini nguvu zake zote oili ikiwa baridi. Ni adabu ya kazi."

"Oili gani?" Brandon akauliza.

"Sasa najua, bwana!"

Niliwaeleza kwamba katika nchi ya theluji angekuwa amefanya jambo la maana, kwa sababu betri baridi nayo huwa nzito. Hapa joto la hewa lilikuwa limekwisha kuifanya kazi hiyo. Betri ikipita kiwango fulani cha joto hujikinga: hupunguza yenyewe nguvu inazotoa, hata dereva akanyage vipi.

Brandon alikuna kidevu. Ubishi ulikuwa umemtoka. "Kwa hiyo hukuuza mechi. Mimi nimeelewa, yatosha. Lakini fundi, ukimwambia mzee atataka turudie. Likiwa limepoa, unajua litakachofanya. Utakuwa umejifukuza mwenyewe."

"Na nikinyamaza, kila nikiwasha huo mtambo ataniona ni mtu aliyeuza mechi."

Akaenda majlisini. Aliporudi alikuwa na Abu Mishal, aliyelitazama gari, akanitazama mimi, kisha akasema neno moja: "Tena."

Tulilisukumia gari bandani na kuliunganisha na chaja ili mfumo wa kupoza betri ufanye kazi. Feni zikavuma mbele, na kitu kingine kikaunguruma kwa sauti ya chini chini sakafuni. Eugene alilala chali kwenye saruji, sikio karibu na tumbo la gari ambalo kwa miezi alikuwa amekataa hata kuliinua kwenye jeki.

"Kumbe linahema," alisema. "Hii pampu inasukuma nini? Maji?"

"Maji yenye dawa, kama ya rejeta," nikamjibu.

"Na yanapoa wapi?"

Brandon naye akalala chini kumwonyesha, na kwa muda nikawa nasikia sauti zao tu zikibishana kuhusu mabomba.

Marudio yalifanyika kabla ya Magharibi. Eugene aliliendesha gari lile vizuri mno, akafika ukutani wakati V8 aliyoisuka kwa mikono yake ikiwa bado inabadilisha gia.

"Khalas," Abu Mishal akasema. "Mtambo haununuliwi. Injini zimefungwa."

Eugene aliitikia kwa kichwa. Hakubembeleza.

Abu Mishal alinigeukia. "Na mwezi wa saba, joto likipanda, doktora? Gari hili litalegea hata asipokuwepo wa kulipasha moto?"

"Mwezi wa saba barabara yenyewe italipasha," nikasema. "Litakimbia mara moja au mbili, kisha litachoka kama lilivyochoka leo."

"Na wateja wangu watakuja kunilalamikia mimi. Brandon, utalitibu?"

"Mimi ni wa nyaya, Abu Mishal. Hili ni suala la kupoza." Brandon alimgeukia Eugene. "Mwenye kupoza injini katika mji huu huyu hapa."

Abu Mishal alimtazama Eugene usoni, mara ya kwanza tangu mchana, akampa ufunguo wa gari la umeme. "Kaa nalo. Mkataba wako ni hadi mwezi wa nne. Kabla ya hapo nionyeshe kitu, ndipo tutazungumza."

Haikuwa ahadi, na Eugene hakuichukua kama ahadi. Aliniomba niliendeshe mimi kurudi mjini. Tulipoingia barabara kuu akazima kiyoyozi, feni yake ikanyamaza.

"Eugene, tutaungua humu."

"Ndiyo," alisema, akiinama na kubandika kiganja sakafuni. "Ongeza mwendo kidogo. Nataka kujua linaanza kuhema lini."