Firigisi ya Malava

Mwanamke yule alipiga magoti matopeni, akanyoosha mikono yote miwili, na juu ya kipande cha jani la mgomba palikuwa na firigisi moja inayofuka moshi. Mume wake, aliyejikunja ndani ya kibanda cha kupimia miwa, aliipokea, akafumba macho, akaitafuna polepole. Mvua yao ilikuwa ya kumwagwa kwa mpira wa maji. Niliiona ikinyesha upande mmoja tu wa kibanda. Ukumbi wote wa kanisa ukapiga makofi. Mjukuu wangu Beverly aliniegemea begani, akaninong'oneza, "Nyanya, huyo ni wewe."

Hakuwa mimi.

Filamu hiyo ni ya safari yetu, mimi na mume wangu Osundwa. Miaka kumi na miwili iliyopita, wana wa kaka yake walitutoa katika shamba la Lumakanda, shamba tulilolilima tangu binti yetu Phoebe akiwa wa kubebwa mgongoni. Hati ilikuwa na jina la baba yao, na baba yao alikuwa kaburini. Jasho letu halikuwa na jina. Tuliondoka na blanketi mbili, jembe, na kuku mmoja ndani ya tenga, mbegu ya boma jipya. Nauli haikuwepo. Tukashika njia kwa miguu, siku nne, hadi hapa Bukura alikozaliwa Osundwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama mzizi wa mvule. Nilitangulia na tenga kichwani, fimbo yake ikigonga nyuma yangu, ko, ko, nami nikipunguza hatua kila mlio ule ulipochelewa.

Siku ya tatu tulikuwa tumefika Malava, mvua ikitupiga. Miguu yangu ikakataa. Nilianguka kando ya njia kama gunia lililofunguka. Hapo ndipo Osundwa alipogundua kwamba siku mbili nilikuwa namwachia yeye mihogo na kumwambia nimekwisha kula. Hakunigombeza. Alinikokota hadi kwenye kibanda cha kupimia miwa, akaenda kuomba sufuria kwa mama mmoja wa nyumba ya karibu, akamchinja yule kuku kwa mkono wake.

Kwetu firigisi, imondo tunavyoiita, ni ya mwenye nyumba. Nyanya yangu hakuwahi kuonja nyama ya kuku mpaka anakufa. Mama yangu alionja mchuzi. Mimi nakula mpaka paja, lakini imondo nilikuwa naipika tu na kuipeleka mezani, kama tarishi anayebeba barua asiyoweza kuisoma. Mwanamke akiila hurudishwa kwao, na asirudi bila kuku mwingine mkononi.

Siku ile Osundwa aliitoa kwenye sufuria, akaipuliza, akaniita kwa jina langu la usichana. "Awinja. Leo mwenye nyumba ni wewe. Nyumba si hii tu unayoibeba kichwani?" Akaniwekea mdomoni. Kisha akaniomba, huku akitazama mvua, nisimwambie mtu.

Sikumwambia mtu. Hata Phoebe sikumwambia. Wako waliovishwa pete madhabahuni. Mimi nililishwa imondo kibandani. Kila maisha yaliponibana, miaka ile ya kuanza upya kwenye robo ekari ya mawe, nilikuwa nalirudia tonge lile moyoni nikashiba.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele nikitazama likitolewa kinywani mwangu na kutiwa kinywani mwake, na watu wakishangilia. Nilimgeukia Osundwa. Alikuwa anatazama ukuta mweupe wa sinema bila kupepesa, mikono juu ya fimbo. Yeye hakupiga makofi. Laiti angepiga, ningesema amesahau.

Tulipotoka nje nilimvuta kando yule msichana aliyeitengeneza filamu, Mitchel. Alikuwa amekaa barazani kwetu majuma matatu akimsikiliza mzee, mimi nikipita na chai. Kwangu alikuwa ameomba picha ya mikono tu.

"Mwanangu, ile ya kuku mliitunga nyinyi?"

"La, Nyanya. Tuliiandika neno kwa neno alivyosema Babu." Akanishika mikono ile aliyoipiga picha. "Alisema ndiyo siku aliyojua umempenda. Hata alilia akisimulia. Tukazima kamera kidogo."

Alilia. Neno hilo lilinichoma kuliko filamu yenyewe. Uongo wa macho makavu unaweza kuusamehe, maana aliyeusema ameuokota njiani. Uongo wenye machozi umelelewa nyumbani.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Baba Phoebe, kwa nini?"

"Ningesemaje, Mama Phoebe? Kwamba mke wangu aliila imondo? Watoto wa Nairobi wangecheka, lakini wazee wa hapa hawachekangi. Wangesema ndiyo maana alinyang'anywa shamba."

"Na mimi?"

"Wewe unajua ukweli. Haitoshi?"

Nilifikiri juu ya neno hilo toka Ijumaa mpaka Jumapili. Mtu akizika kitu pamoja nawe, kisha akakifukua peke yake na kukivaa, unabaki unalinda shimo. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini hesabu hiyo haikunishinda.

Jumapili baada ya ibada Mitchel na wenzake wawili walikuja kula kwetu, na Osiako, rika la mume wangu, akaja bila kualikwa, maana pua yake hujua nyumba yenye kuku. Nilisonga obusuma, ugali wetu, nikachinjiwa jogoo mwekundu, nikampika kwa nyanya na kitunguu. Imondo iliibuka juu ya mchuzi yenyewe. Niliitazama. Halafu nikaiopoa, nikaipuliza, nikaila nimesimama, mlango wa jikoni ukiwa wazi.

Haikuwa tamu. Ilikuwa nyama ngumu yenye chumvi, basi. Ile ya Malava ilikuwa na ladha ya moshi na ya mkono wake. Nikajua kwamba ile sitaionja tena, na machozi yakanitoka bila kelele, nikayafuta kwa kanga, nikabeba sinia.

Osundwa alichambua bakuli kwa vidole. Akachambua tena.

"Mama Phoebe, imondo iko wapi?"

"Nimeila."

Mitchel alicheka, akidhani ni mzaha. Osiako hakucheka mara moja. Alilamba kidole, akaegemea kiti.

"Ndugu yangu, umeolewa wewe," akasema, na hapo wakacheka wote. "Lakini sheria unaijua. Mwenye kuila huenda kwao akaleta kuku. Au siku hizi za sinema tumeifuta?"

"Hatujaifuta," nilisema.

Nikabaki mlangoni. Sijawahi kumngoja mtu kama nilivyomngoja Osundwa pale. Alikuwa na mlango mpana wa kupitia. Maneno machache tu, kwamba si mara ya kwanza, na ile ya kwanza alinipa yeye. Inzi alitembea ukingoni mwa bakuli lake mzunguko mzima. Osundwa alikata tonge, akalichovya, akalishikilia bila kulila.

Niliingia jikoni, nikalitoa tenga juu ya dari, lilelile lililotoka Lumakanda, nikalipangusa masizi.

"Nyanya, unaenda wapi?" Beverly aliuliza.

"Mukumu. Kwetu. Kuleta kuku."

"Lakini ni mchezo tu."

"Wewe osha vyombo."

Njia ilikuwa kavu na jua lilikuwa la saa nane. Nilipita ua wa chuo cha kilimo, nikapita wanawake watatu walioanika mahindi kando ya lami. Wakaniamkia, nami nikaitikia bila kusimama. Mwendo wangu ulinishangaza. Safari hii sikuwa na wa kumpunguzia hatua, na miguu yangu ya uzee ilitoka kama ya mtu aliyeitwa.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, mbali: ko, ko. Mlio mmoja mzito, mmoja mwepesi. Sikugeuka. Wala sikupunguza mwendo.

Wale wanawake walimwona. Mmoja akamtania kwa sauti, "Mzee wa sinema, unakimbilia wapi na mguu huo? Huyo wa mbele amekuibia nini?"

Fimbo ilinyamaza. Nilimsikia akitafuta pumzi. Kisha akaanza kujibu, na sauti yake haikuwa ile ya barazani.

Trekta la miwa lilitokea kwenye kona, matela mawili nyuma, minyororo ikigongana, likalimeza neno lake la kwanza na yote yaliyolifuata. Nikasimama ukingoni mwa lami, tenga kichwani, mgongo wangu kwake. Mabua yaliyoning'inia yalipita karibu na uso wangu, moja baada ya jingine. Nikangoja lipite.