Kodiani Ndani ya Sauna

Uvumi ulimganda Sirkka, hautoki: eti binti yake Vieno na bendi yake wanafanya mazoezi ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, tena mawe yake yamewaka moto. Alijaribu kuusahau huku akikaanga samaki, akashindwa. Akazima jiko, akateremka ziwani kwenye sauna.

Ilikuwa kweli. Alipofungua mlango, mvuke ulimpiga usoni. Vieno alikuwa kwenye benchi la juu, kodiani, kile kinanda cha kuvuta, mapajani. Chini yake Urho, mwimbaji wao, alikuwa akimwagia mawe maji.

"Funga mlango, mama, sauti inatoka," Vieno akasema.

"Sauti au akili?"

"Mama Vieno, sikia hiyo shiii ya mawe," Urho akasema. "Hakuna ngoma inayoitoa. Wimbo wetu unaitaka."

"Na hiyo kodiani mmeiuliza inataka nini?"

Vieno aliivuta ili ajibu. Ikakohoa. Nta inayoshika vijilimi vya chuma vya ndani ilikuwa imeyeyuka, na karibu nusu ya sauti zilikuwa zimekufa. Na jioni hiyohiyo walitakiwa kupiga muziki kwenye dansi ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, mara yao ya kwanza mbele ya watu.

Walipofika kwenye dansi jioni, Reijo, msimamizi wake, alipata dawa upesi. "Tutaweka kanda ya muziki wa tango. Wewe chezesha vidole tu, utabasamu. Nani atajua?"

"Mimi," Vieno akasema.

"Basi jukwaani hupandi."

Sirkka, ambaye mchana alikuwa ameteremka saunani ili amrudishe mtoto nyumbani, alijisikia akisema: "Reijo, kahawa ya watu wote hawa nimepika mimi. Asipopanda, naondoka na birika langu."

Reijo akaliangalia birika, akaangalia watu, akasogea pembeni.

Vieno alipiga kwa sauti zilizobaki. Kila penye sauti iliyokufa palikuwa na shimo, na wachezaji walibaki wamekumbatiana, mguu mmoja juu, wakingoja. Mzee mmoja akaliziba shimo kwa kukanyaga sakafu. Lililofuata wakakanyaga wote. Wimbo ulipoisha mbao zilikuwa zinatetemeka, na Reijo mwenyewe anakanyaga, jasho linamtoka. Wakaombwa warudie.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Kesho unaipeleka kwa fundi."

Wenye watoto wanaopiga muziki, epukeni haya:

Kodiani kwenye joto.

Mwimbaji aliyeshika ndoo ya maji.

Kanda ya kudanganyia watu.

Kumburuta mtoto nyumbani kabla hujamsikia akipiga.