Taulo la Ufukweni

Bibi alivua viatu kwenye ngazi ya mwisho ya jumba la gavana wa zamani, akavipanga visigino ukutani kama alivyovipanga nyumbani. Binti yake alimshika mkono. Mjukuu, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameshatangulia mchangani.

Asubuhi yote walikuwa wakizunguka mjini, na Bibi hakuchoka kusifu. Alisifu matao meupe ya posta, roshani za mbao na madirisha ya kijani yaliyotazama bahari. Alimsifu hata muuza magazeti aliyeacha meza yake ili awavushe barabara. Lakini kilichomleta ni maji. Mama yake alikuwa yaya katika jumba lile, na mpaka anafariki alikuwa akisema hakuna maji yanayobembeleza miguu kama yale. Bibi alitaka kuyakanyaga kabla magoti hayajamkatalia safari.

Akashuka kuelekea majini. Bahari ikarudi nyuma.

Haikurudi kwa fujo. Ilijivuta taratibu, kama mtu anayekusanya nguo yake isikanyagwe, ikasimama hatua chache mbele. Bibi akasogea, nayo ikasogea. Samaki wawili wadogo walibaki wakirukaruka mchangani. Mjukuu akawaokota, akawarusha majini kutoka mbali.

Mtunza ufukwe, ambaye mji mzima humwita Bwana Taulo, alikuja na kiti mkono mmoja na taulo jeupe mkono wa pili. Alimkalisha Bibi kwanza, akamuuliza habari za safari, ndipo akaeleza. Enzi za gavana, wenyeji hawakuruhusiwa kuingia maji yale, isipokuwa mtumishi mwenye taulo mkononi. Bango la amri hiyo liling'olewa siku ya uhuru, kwa ngoma na vigelegele, ila hakuna aliyekumbuka kuiambia bahari. Walipokuja kuiambia baadaye, haikusikia. Basi watu wa mji huoga na taulo mkononi, na wamezoea.

Binti aliuliza kama leso haitoshi. Bwana Taulo akasema kwa leso unalowa vidole tu. Akawasimulia habari za muuza nyama, mtu wa kitambi, aliyeponyokwa na taulo akiwa kwenye kina kirefu. Bahari ilimwacha kifudifudi juu ya mchanga, bado anarusha mikono na miguu. Waliomcheka ndio waliomwinua.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akalisukuma taulo kwa upole.

"Mama yangu aliingia kikazi, mwanangu. Mimi nimekuja kutembea."

"Najua, mama. Wote hujaribu hivyo kwanza."

Akamwacha ajaribu, akimfuata nyuma na kiti ili apumzike kila alipochoka. Waliokuwa wakioga waliinua mataulo yao, wakaifuata bahari ilikokwenda, bila kunung'unika. Mwanamke mmoja alimwamkia Bibi alipopita. Kufikia alasiri maji yalikuwa yamekwenda mbali sana, hata miamba yenye majani ya kijani na nanga moja yenye kutu vikaonekana. Bibi akavisifu navyo. Alijaribu kukimbia kidogo. Alijaribu kuingia kinyumenyume.

Magoti yakaanza kumkatalia. Binti akamwambia warudi, watakuja siku nyingine. Bibi alimtazama tu, kwa kuwa wote wawili walijua hakuna siku nyingine. Akamnyooshea Bwana Taulo mkono.

Naye akamwekea taulo juu yake, limekunjwa mara tatu, kama walivyolikunja mayaya.

Bahari ikarudi. Ilimfika vifundoni, ikapanda hadi magotini, ya vuguvugu, safi kiasi cha kuona kucha zake. Bibi alisimama amenyooka, akiyatazama maji, kama anayemsubiri mtu amalize kuoga.

"Mama alisema kweli," alimwambia binti yake. "Yanabembeleza."

Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Mjukuu naye akataka kuingia. Bwana Taulo alikwenda kwenye kibanda chake, akarudi na taulo dogo lenye upana wa kiganja, ukingo wake umedariziwa maua mekundu.

"Haya ya watoto tumeyakata wenyewe," alisema. "Yale makubwa yalikuwa yanawachosha mikono."

Akalikunja mara tatu, akachutama mbele ya mtoto. Mtoto akanyoosha mkono.